Neno Nililomfundisha Nikodemo

Juma lililopita niliishia pale jumbe alipofika kwetu, akamzunguka mdogo wangu Nikodemo, akamshika mabega kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akasema, "Huyu anatosha mzigo."

Kwa ambaye hakusoma: ilikuwa enzi ya Mdachi. Mvua ilikuwa imetunyima miaka miwili, nasi Wagogo wengi tulikuwa tumehamia upande wa Kondoa kutafuta chakula. Baba alifia njiani. Kaka yetu Kefa alichukuliwa kubeba mizigo ya serikali, na kilichorudi ni blanketi lake. Tulibaki mimi niitwaye Loisi, Nikodemo, na mama ambaye tangu blanketi lile lifike alikuwa hasemi na mtu.

Jumbe akatuachia mlango mmoja. Katika boma dogo lililokuwa njia ya Kondoa, ambalo leo hata jiwe lake huwezi kuliona, walitaka kijana mmoja wa kupelekwa shule ya serikali huko pwani akasomee ukarani. Kijana wa shule habebi mzigo. Lakini kwanza apite mtihani, na msafara wa mizigo ungeondoka siku hiyohiyo ya mtihani.

"Mtihani wa nini?" nikamuuliza.

"Wa maneno. Unapewa neno, unasema maana yake, unasema kinyume chake, unalitia katika sentensi. Kwa Kiswahili. Mnacho?"

Tulikuwa nacho kidogo. Hiyo ndiyo habari ya leo, na nawaambieni mapema kwamba naiandika huku nimekunja uso. Nimekaa nayo miaka mingi na bado inanitia kichefuchefu.

Mimi nilikuwa nimesoma kwa wamisheni miaka mitatu. Herufi nilizijua. Ila Kiswahili changu kilikuwa cha Injili: nilijua mbigili, zizi na mwanakondoo, sikujua stakabadhi wala dhamana. Nikodemo alijua nilichomfundisha mimi, na nyumbani tulisema Kigogo.

Ikabidi twende kwa Mwalimu Rajabu.

Mwalimu Rajabu alikuwa mtu wa mjini. Babu yake alikuja na misafara ya zamani, akaoa hapa, akabaki. Alikuwa na mwandiko mzuri, na kwa ajili ya mwandiko huo Bwana wa boma alimtaka aandike orodha ya maneno ya mtihani. Orodha ilikaa kwake. Kila mtu mjini alijua inakaa kwake.

Asubuhi aliwafundisha vijana sita barazani. Mimi nilikaa chini ya ukuta, upande wa nje, nikisikiliza.

"Kinyume cha mrefu?"

"Mfupi."

"Kinyume cha tajiri?"

"Maskini."

"Kinyume cha mstaarabu?"

Kisha Shaaban, mpwa wake mwalimu, akamnyooshea Nikodemo kidole. "Huyu hapa."

Wakacheka wote. Mwalimu naye akacheka. "Jibu nimelikubali," akasema, "ingawa nililitaka kwa mdomo: mshenzi."

Tulipokuwa tukirudi Nikodemo akaniuliza, "Dada, mshenzi hasa ni nani?"

"Ni neno la mtihani tu," nikamwambia. "Liandike usilisahau."

Akaliandika mchangani kwa kijiti. Alikosea herufi moja. Nikainama nikaisahihisha kwa kidole changu mwenyewe, nikahakikisha mdogo wangu anaweza kuliandika vizuri tusi lake. Nikodemo akashukuru.

Baada ya siku chache Mwalimu Rajabu akaniita pembeni.

"Binti, ndugu yako si mjinga. Ana kichwa."

"Ahsante, mwalimu."

"Lakini maneno ninayofundisha barazani ni ya barazani. Yapo mengine, ya ndani. Hayo hayatoki kavu. Koo linakauka." Akajishika koo, akanitazama. "Nasikia ninyi mna mizinga kule vilima vya Kolo."

Mizinga ilikuwa ya Nikodemo. Nilimwambia, "Mwalimu anaumwa koo, anahitaji asali. Ametufundisha vizuri, inafaa tumshukuru." Sikusema zaidi. Akaenda Kolo, akarudi siku ya tatu akiwa amebeba kibuyu kimejaa na jicho moja limefumba kwa kuumwa na nyuki.

Tulikipeleka pamoja. Nilikitoa kwa mikono miwili mbele ya Nikodemo, na mwalimu akakipokea kwa mmoja.

Hakungoja. Alichomeka kidole ndani mpaka fundo la tatu, akakilamba, akachomeka tena. Bawa la nyuki lilinasa kwenye ndevu zake, likawa linapanda na kushuka kila anapotafuna nta. Kisha kwa kidole kilekile, hakukifuta hata kwenye nguo, akafungua orodha ya serikali, akaanza kunitajia maneno.

"Andika. Bidii. Ukaidi. Utii..."

Alitaja manane. Akafunga.

"Mengine, mwalimu?"

"Mengine yapo chini ya kibuyu kingine."

Nilitoka nikiwa na maneno manane na mate machungu kinywani. Nikodemo hakuwa ameyasikia. Mkewe mwalimu, Bibi Mwajabu, alikuwa amemvuta uani. Alimkalisha, akalowesha kitambaa akamwekea jichoni, akampa uji wa ulezi kwenye kata. Hakuombwa na mtu. Alimwona mtoto anaumwa jicho, akaleta maji.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Njoo." Akanisogeza karibu na kinu, akanong'ona, lakini Bibi Mwajabu alikuwa mtu asiyejua kunong'ona. "Binti yangu, usimzoeshe. Hii uliyoleta ni hongo. Na fisi ukimlisha mlangoni, kesho hakuachi ulale."

Uso uliniwaka. Nikasema ndiyo, mama. Nikamshika Nikodemo mkono tukaondoka.

Wiki iliyofuata nilipeleka kibuyu cha pili.

Nawaambia nyote, na hasa wanaonijua na kuniita bibi mwema: nilikipeleka nikiwa nimeambiwa waziwazi ni kitu gani. Nilipita mlango wa mbele ili Bibi Mwajabu asinione. Na nilijua siku ile kwamba Shaaban ana orodha yote, bure, kwa kuwa ni mpwa, na hilo likanifanya nijione nina haki. Uchafu wa mwenzio ni maji mazuri ya kunawia wako.

Siku ya mtihani tulitoka alfajiri. Njiani nilimuuliza Nikodemo maneno, naye alijibu bila kusita. Bidii, maana yake juhudi, kinyume chake uvivu. Ukaidi, kinyume chake utii. Nilianza kupumua vizuri.

Kisha akasema, "Dada, liko neno moja hujaniandikia. Bibi Mwajabu alilisema pale uani. Hongo. Maana yake nini?"

Nikaendelea kutembea.

Wasomaji wangu, neno hilo kwetu Ugogo lina maana mbili, na mimi nilizijua zote. Ya kwanza ni ya babu zetu. Misafara ilipopita nchi yetu, wenye pembe za ndovu na wenye nguo, ilisimama kwa mtemi na kumpa hongo: vitambaa, majembe, masango, yaani nyaya za shaba. Ndipo wakaruhusiwa kunywa maji ya visima vyetu. Hakuna aliyeona haya. Mtemi aliyepewa hongo nzuri aliheshimiwa, na mgeni aliyeitoa alikuwa mgeni mwenye adabu. Ya pili ni ya mjini na ya boma: kitu umpacho mtu kwa siri ili apindishe haki.

Mdogo wangu alikuwa ananitazama kwa jicho moja zima na moja lililokuwa bado na uvimbe. Jicho lile lilivimba kwa ajili ya hongo.

"Ni heshima," nikasema. "Mgeni anampa mtemi au mkubwa, kumshukuru."

"Kama ile asali?"

Nikasema, "Kama ile asali."

Ningeweza kumwambia kweli. Njia ilikuwa ndefu bado. Ila ningemwambia, angeniuliza kwa nini nilipeleka cha pili.

Bomani tukakuta mizigo imepangwa uani, kila mmoja na kamba yake, na wapagazi wamechuchumaa kando. Askari alikuwa akiwahesabu kwa ncha ya kiboko. Nikodemo aliitazama mizigo, kisha akaacha kuitazama.

Vijana sita wakakalishwa barazani. Sisi ndugu zao tulisimama chini, kwenye jua, mahali pa kusikia. Bwana alikaa mezani, na Mwalimu Rajabu pembeni yake, kanzu imepigwa pasi, kofia imenyooka. Bibi Mwajabu naye alikuja, na kikapu cha maandazi. Alimgawia kila mtoto, akianza na wale wasio wake.

Bwana akaichukua orodha. Akaigeuza. Akatazama vidole vyake.

"Mwalimu, mbona karatasi hii inanata?"

"Ni joto, Bwana."

Bwana akainusa. Akaikunja mara mbili na kuiweka mbali, kama mtu anayeondoa panya mezani. "Orodha hii imeshikwashikwa mno. Wiki nzima nimesikiliza kesi. Nitauliza maneno ya kesi."

Vibuyu viwili, jicho moja, na maneno yote yale yakawa takataka mbele ya macho yetu.

Kijana wa kwanza akaulizwa, "Mpaka."

"Mpaka ni mtu apakaye chokaa, Bwana."

"Teremka."

Wa pili na wa tatu wakateremka. Wa nne alilia kabla hajaulizwa. Akabaki Shaaban, na Nikodemo.

"Shaaban. Dhamana."

"Dhamana ni kitu kinachowekwa ili mtu aachiliwe mpaka siku ya kesi."

"Vizuri. Sentensi."

Shaaban akafumba macho na kutoa sentensi aliyokuwa ameikariri kutoka kwenye orodha. "Mtoto mwenye bidii huamka mapema, Bwana."

"Dhamana iko wapi humo?"

Shaaban akaitafuta. Haikuwamo.

"Nusu," Bwana akasema. "Mgogo. Hongo."

Nikamwona mdogo wangu akitabasamu, kwa sababu neno hili analijua, dada yake amemfundisha.

"Hongo, Bwana, ni heshima ambayo mgeni humpa mtemi wa nchi ili apite kwa amani na kunywa maji."

Mwalimu Rajabu akacheka puani. "Bwana atanisamehe. Huyu anasema mambo ya porini. Hongo ni rushwa."

"Ngoja," Bwana akasema. Alivuta daftari lake dogo. "Hii ni maana ya zamani. Nimeisikia kwa wazee wa misafara. Kijana, nani alikwambia?"

"Dada yangu, Bwana."

"Dada yako anajua maneno." Akaandika. Akamtazama Nikodemo kwa namna ambayo alikuwa hajamtazama kijana mwingine yeyote siku ile, na nikaelewa kwamba tumepita. Nusu ya Shaaban haikufika hapo. Nilianza kuiona njia ya pwani, na mdogo wangu ndani yake bila mzigo kichwani.

"Sasa sentensi," Bwana akasema.

"Babu yangu aliona mtemi akipewa hongo ya nguo."

"Hiyo ni ya kale. Nipe ya siku hizi, nione kama unaweza kulitumia neno."

Nikodemo akafikiri. Mtoto mwenye adabu, alitaka na mwalimu wake apate sifa mbele ya wakubwa.

"Dada yangu alimpa Mwalimu Rajabu hongo ya asali, kwa sababu anatufundisha vizuri."

Kalamu ikasimama.

Nikodemo aliangalia huku na huku akitafuta kosa lake. Alidhani amekosea sarufi.

"Alimpa, Bwana," akarudia. "Au tuseme alimpatia?"

Bwana aliifungua tena ile karatasi inayonata, akaiweka katikati ya meza. "Mwalimu?"

"Mungu anilinde," Mwalimu Rajabu akasema. "Mimi nimjue wapi dada yake? Bwana, hawa watu wa bara Kiswahili hawakijui. Anasema asali, pengine anataka kusema asili. Mshenzi ukimpa neno ni kama umempa mbuzi kitabu."

"Sikiliza, mwalimu," Bwana akasema. "Kama ni kweli, aliyetoa na aliyepokea wote wana adhabu. Kama ni uongo, kijana amemsingizia mtu wa serikali, na mizigo ile inamngoja sasa hivi. Dada yuko wapi?"

Nikatoka mbele. Sijui nilifikaje kwenye ngazi.

"Ulimpa mwalimu asali ili upate maneno?"

Nikisema ndiyo, mtihani wa Nikodemo umeoza na mimi nimekwisha. Nikisema hapana, namtwisha Nikodemo mzigo kwa mkono wangu. Nilifungua mdomo, na kwa miaka yote hii sijajua ungetoka mlio gani.

Haukutoka, kwa sababu nyuma yangu mtu alisema, "Bwana, nilipokea mimi."

Alikuwa Bibi Mwajabu, kikapu bado kiko mkononi.

"Asali niliidai mimi. Nilimwambia binti huyu kwamba bila asali mume wangu hatamfundisha mdogo wake. Nilimtisha. Yeye hana kosa, na mtoto hana kosa, anajua alivyofundishwa. Mwalimu hakuwa na habari. Karatasi ilinata kwa mikono yangu nilipokuwa nikipanga vitu vyake."

Alisema yote hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza bei ya mchele.

Nikamtazama mumewe. Kweli nilitegemea atasema kitu. Mtu huyu alikuwa na maneno mia, na kinyume cha kila moja. Alitazama vidole vya miguu yake, kisha akainua mkono taratibu na kunyoosha kofia.

Nimeona njaa, nimeona maiti njiani na sikutapika. Siku ile, kwa kofia ile, nilitaka kutapika.

"Mama, unajua unachosema?" Bwana akamuuliza. "Kosa hili ni mnyororo. Utafungwa pamoja na wanaopiga mawe ya barabara."

"Najua, Bwana."

Bwana akanigeukia. "Wewe. Ni kweli anavyosema mwanamke huyu?"

Bibi Mwajabu hakunikonyeza, hakunisihi. Alinitazama kama alivyolitazama jicho la Nikodemo: hapa pana kidonda, paletwe maji. Aliona ana nguvu kuliko sisi, basi achukue yeye. Ndivyo alivyokuwa.

Nami ningeweza kusema, hapana, Bwana, mama huyu alinikataza. Maneno yalikuwa machache na yote nilikuwa nayajua.

Nikasema, "Ndiyo, Bwana. Ni kweli."

Mwalimu Rajabu akashusha pumzi. Niliisikia, tulipumua pamoja, mimi na yeye, kama ndugu wa tumbo moja.

Askari akamwambia Bibi Mwajabu aweke kikapu chini. Akakiweka, akafunika maandazi yaliyobaki ili nzi wasiyaguse. Bwana akachovya kalamu kwenye wino.

"Kijana amefaulu," akasema, huku akiandika. "Hakujua. Ataondoka kesho kwenda pwani. Jina lako?"

Bwana akainua macho.

Nikodemo alikuwa amesimama. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Bibi Mwajabu na kamba ambayo askari alikuwa akimfungia mikono, na uso wake ulikuwa unabadilika polepole, uso wa mtu anayepewa maana ya pili ya neno.

"Bwana," akasema, "dada yangu anasema uongo."